Umeuziwa simu feki na mtu usiyemjua: pesa yako inarudi vipi hapa Unguja na Pemba

Fundi_Mlandege

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Meza yangu ya ufundi iko Mlandege, na siku hizi haipiti wiki bila ya mtu kuniletea simu "mpya" isiyokaa na chaji, au ya 512GB iliyojaa kwa picha chache za harusi. Nikiifungua, jina lililoandikwa nje silo la mashine iliyomo ndani. Wengi huniuliza, "Fundi, inatengenezeka?" Suali la kuuliza ni jengine: pesa yangu naipataje? Na wanapolifikia hilo, njia nyingi zimeshajifunga, kwa sababu hakuna aliyewaambia la kufanya siku ile ile. Ndiyo maana nafungua uzi huu.

La kwanza ni gumu kwa mtu mwenye hasira. Usimpigie muuzaji. Ukimpigia na kumwambia "umeniuzia feki, nakupeleka polisi", umempa nafasi ya kutoa pesa zote kwa wakala, kufuta tangazo, kukufungia WhatsApp na kuitupa laini. Muache aamini kwamba bado unafurahia simu yako. Saa hizo chache ndizo mtaji wako wote.

Thibitisha kwanza, maana kumtuhumu mtu bila ya hakika ni dhulma pia. Bonyeza *#06# upate IMEI, namba yenye tarakimu 15. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi na ile iliyomo kwenye mipangilio ya simu. Kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Tarakimu 8 za mwanzo za IMEI ndizo zinazotambulisha aina ya simu, kwa hiyo jibu likitaja aina nyengine kabisa na ile uliyoishika mkononi, huo ni ushahidi. Usiufute ujumbe huo. Mfumo wa namba hizi ndio uliotumika kuzima simu bandia nchini Juni 16, 2016. Lakini tahadhari: watengenezaji wa feki nao wanajua kunakili IMEI ya simu halali, kwa hiyo jibu zuri kutoka 15090 peke yake halitoshi kuisafisha simu.

Kwa Samsung, jaribu *#0*#. Ya kweli kwa kawaida hufungua ukurasa wa majaribio wa rangi, mguso na spika. Nyingi za bandia hukaa kimya. Kwa iPhone, chukua namba ya utambulisho ya kiwandani (serial number) na uitafute kwenye tovuti ya Apple yenyewe. Na ukibonyeza App Store ikakufungulia duka la Google, huna haja ya kuendelea kutafuta. Kuhusu hifadhi, pakia video nzito moja baada ya nyengine. Simu inayodai 512GB huku ndani ina 16 au 32 itaanza kuharibu mafaili, picha zinafunguka nusu, nyengine hazifunguki kabisa.

Hapo nenda kwa fundi unayemuamini, na kabla hajagusa parafujo, piga picha simu pande zote pamoja na boksi. Mwambie asiiflashi wala asiirudishe kiwandani. Akishaona, akuandikie karatasi: tarehe, IMEI, alichokikuta ndani, jina lake, sahihi na muhuri kama anao. Mimi karatasi hii naiandika bila ya malipo, na nawaomba mafundi wenzangu wafanye hivyo hivyo. Kwa askari asiyeijua simu, karatasi ya fundi inasema mengi kuliko maelezo yako ya dakika thelathini.

Sasa pesa yenyewe. Kama ulilipa kwa simu, ule ujumbe wa muamala ni dhahabu: una kumbukumbu namba, saa, na jina la aliyepokea. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na kuanzia Januari 2020 zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Kwa hiyo lile jina ni la mtu aliyeweka kidole pahala fulani. Inawezekana siye tapeli mwenyewe, kwani wako wanaotumia laini za watu wengine, lakini huyo ataeleza alimpa nani laini yake.

Piga 100, huduma kwa wateja wa mtandao uliolipia. Sema umetapeliwa, toa kumbukumbu namba, omba pesa izuiwe. Ikiwa bado imo kwenye akaunti ya mpokeaji, kuna matumaini, na watakutaka ulete taarifa ya polisi. Ikiwa imeshatolewa, mtandao hauna cha kukurudishia. Na tafadhali usiseme "nilikosea namba" ili urejeshewe haraka. Muuzaji akipinga atatoa mazungumzo yenu ya WhatsApp mkikubaliana bei, na hapo muongo utaonekana wewe.

Baada ya simu hiyo, polisi, siku ile ile. Nenda kituo kilicho karibu na pale mlipokabidhiana. Chukua simu, boksi, chaji, ujumbe wa muamala, jibu la 15090, karatasi ya fundi, picha za tangazo na za mazungumzo zinazoonesha namba yake, na shahidi kama ulikuwa naye. Maneno yako ya mwanzo yana uzito. Ukisema "kuna mtu tumegombana kuhusu simu", utaambiwa hayo ni madai, nenda kayamalizeni. Sema ilivyo: mtu amejipatia pesa zangu kwa udanganyifu, ameniuzia simu bandia akidai ni halali. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni jinai katika sheria ya adhabu ya Zanzibar, na kama mliuziana mtandaoni ipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayofanya kazi huku kwetu na Bara. Usiondoke bila ya namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi, na jina la mpelelezi. Mtandao hautakupa wewe taarifa za mwenye laini hata ulie, lakini polisi wakiomba kwa utaratibu wao watapewa.

Mwenye suali aulize, nitajibu nikipata nafasi baina ya wateja.

BintiMtoni

Waalaykum salaam fundi. Jazakallahu kheri. Mimi nililipa taslimu, 350,000, karibu na kituo cha daladala Darajani. Mtu simjui, hatukuandikiana kitu, hana namba kwangu. Alikuja na kijana mmoja ambaye sura yake naijua maana hukaa pale pale anauza vifuniko vya simu. Simu nimeipeleka kwa fundi, kasema ni bandia. Kwangu mimi si ndiyo basi tena?

Fundi_Mlandege

Dada, si basi. Huyo kijana wa vifuniko ndiye mlango wako. Aliyekuunganisha na muuzaji ni dalali, na dalali mara nyingi kapewa chochote. Usimfuate peke yako na usimpigie kelele barabarani, ataingia mitini. Jua jina lake analoitwa hapo, jua anakaa shehia gani, kisha nenda polisi umtaje kama mtu anayemfahamu muuzaji.

Jengine la leo leo: angalia maduka yaliyoelekea pale mlipokabidhiana. Mengi yana kamera, na kamera za maduka hurekodi juu ya zile za zamani baada ya siku kadhaa. Muombe mwenye duka kwa adabu aihifadhi ile saa yako. Akikataa kukupa wewe, mwambie asiifute tu, polisi watakuja kuiomba. Andika pia ulikotoa pesa kabla ya kununua. Kama ulizitoa kwa wakala au benki asubuhi ile, ule ujumbe unaonesha kwamba 350,000 zilikuwa mkononi mwako saa hiyo.

Wakala_Bububu

Fundi amesema kweli, niongeze upande wetu mawakala. Watu wanakuja kibandani kwangu wanalia, "mrudishie pesa, imetolewa kwako". Mimi sina uwezo huo. Nikishampa mtu pesa mkononi, muamala umekwisha. Ninachoweza ni kumwambia mpelelezi alikuja saa ngapi, alitoa kiasi gani, alikuwa na kitambulisho cha nani, na kama namjua kwa sura. Kwa hiyo nileteeni askari mapema, kumbukumbu ya uso haikai. Baada ya mwezi mmoja nimeshahudumia watu wasio na idadi.

Na kitu kimoja kwa wanaonunua: kabla ya kubonyeza namba ya siri, jina la mpokeaji linatokea. Muuzaji kajiita jina moja, kwenye skrini limekuja la mtu mwengine, akakwambia "hiyo ya mke wangu". Simama hapo. Mke yuko wapi?

KijanaJangombe

Mimi naona mnazunguka sana. Mtu kama huyu unamvizia, unampigia kwa namba nyengine unajifanya mnunuzi, akija mnamkamata vijana kumi mnamkung'uta mpaka atoe pesa. Mambo ya RB na karatasi miezi mingapi?

Fundi_Mlandege

Mdogo wangu, hasira yako naielewa, na polisi huchelewa, sitaki kudanganya hapa. Lakini mkimpiga, siku ya pili yeye ndiye mwenye fomu ya matibabu na nyinyi ndio watuhumiwa. Kesi yake ya simu itakwenda mbio ikawa kesi yenu ya shambulio. Akifa je? Kwa simu?

Hilo la kujifanya mnunuzi ni zuri, ila lifanyeni na mpelelezi. Mwambie kwamba unaweza kumuita muuzaji pahala fulani, yeye ndiye atakayepanga. Akikamatwa akiwa na simu nyengine za aina ile ile mfukoni, kesi yako imepata nguvu kubwa, na huenda wakajitokeza na wengine waliouziwa. Walalamikaji watatu dhidi ya mtu mmoja hawapuuziki kama mmoja.

Ami_Baraza

Wanangu, nimesoma yote. Niseme la dini kwa sababu wauzaji wetu wengi hujificha nyuma ya maneno "ukishanunua hairudi". Katika fiqhi ya biashara, mnunuzi akikuta aibu iliyokuwemo kabla hajanunua, ambayo hakuijua, ana khiyari ya kuirudisha bidhaa na kuchukua thamani yake yote. Kutangaza kwamba bidhaa hairudi hakumhalalishii mtu kuficha aibu anayoijua.

Ila sikilizeni upande wa pili. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, khiyari hii ni ya papo hapo. Ukishaijua aibu ukaendelea kuitumia simu, unahesabika umeridhia. Kwa hiyo ukigundua, izime, iweke. Usiitumie wiki mbili halafu ndiyo ukadai.

Na pia usiende Mahkama ya Kadhi na jambo hili. Kule ni ndoa, talaka, mirathi na mambo ya aina hiyo. Haya ni ya sheha, polisi na mahkama za kawaida.

Fundi_Mlandege

Ami, Allah akuhifadhi. Hilo la kuizima linakwenda sawasawa hata na ushahidi. Ukiendelea kuitumia, muuzaji atasema umeiharibu wewe, au umeibadilisha vitu ndani.

Mswahilina_Wete

Mimi niko Wete. Nimenunua kwa mtu wa kwenye kundi la WhatsApp, namba yake ya Dar, nikamtumia pesa, mzigo ukaja kwa boti nikaupokea Mkoani. Simu ni bandia. Kaka yangu ananambia kesi lazima nikafungue Dar. Nauli ya kwenda na kurudi pamoja na kulala inakaribia bei ya simu yenyewe!

Fundi_Mlandege

Ndugu yangu, anza hapo hapo Wete. Ulilipia ukiwa Wete na hasara imekupata Wete, hawana sababu ya kukufukuza. Vituo vinawasiliana, na wao ndio watakaopeleka maelezo kwa wenzao wa Dar. Tatizo lako la kweli ni umbali wa mtuhumiwa, kwa hiyo ushahidi wako uwe mzito zaidi. Una stakabadhi ya mzigo? Ule mzigo ulipopakiwa botini mtu aliuandikisha, akaacha jina na namba ya simu. Mara nyingi namba ya mpeleka mzigo si ile anayotumia kutapeli. Hapo ndipo wanapojisahau. Toa nakala ya stakabadhi, na ile karatasi iliyobandikwa juu ya boksi usiibandue.

Kingine, je, huyo mtu ana duka lenye kibao, au ni mtu wa kundi tu? Kama ni duka, hasa likiwa hapa Zanzibar, una njia ya ziada: Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, ZFCC, iliyo chini ya Sheria namba 5 ya 2018 ya ushindani na kumlinda mtumiaji. Malalamiko ya bidhaa bandia ni kazi yao, na mwenye duka anaogopa jina la duka lake kutajwa kule. Kwa mtu wa mitaani asiye na pahala, sioni kama watakusaidia sana, huyo ni wa polisi.

Mswahilina_Wete

Stakabadhi ninayo, alhamdulillahi, imo ndani ya boksi. Na namba kweli ni nyengine! Sikuitazama hata siku moja. Nakwenda kituoni kesho asubuhi.

Suali la mwisho: kuna jamaa hapa Konde anasema atainunua kwangu kwa 120,000, anajua cha kuifanya. Nisiichukue angalau nusu hasara?

Fundi_Mlandege

Usiuze. Kwanza ndiyo ushahidi wako mkuu, bila yake una maneno matupu. Pili, huyo wa Konde hainunui aiweke kabatini. Kesho itakuwa mkononi mwa mwanafunzi wa skuli ambaye mama yake kauza karafuu kumpatia simu, na mlolongo ukifuatwa nyuma, muuzaji wa bandia utakuwa wewe, tena ukijua. Nimeona familia zikigombana kwa jambo kama hili, simu moja imepita mikono ya jamaa wanne.

BintiMtoni

Fundi, narudi na habari. Nimekwenda polisi nikasema kama ulivyoelekeza, nimepata RB. Kijana wa vifuniko alipoitwa akasema muuzaji ni mtu wa Fuoni, akamtaja.

Lakini jana usiku kanipigia mtu, anasema yeye ni afisa wa mtandao, ameona malalamiko yangu, pesa imezuiwa, nitume 20,000 ya kufungulia faili na nimtajie namba yangu ya siri aihakiki. Mimi sikulipa hata kwa simu, nililipa taslimu! Kajuaje?

Wakala_Bububu

Dada, usitume hata senti. Hakuna mfanyakazi wa mtandao anayehitaji namba yako ya siri, na hakuna ada ya kufungulia faili. Hawa hupita kwenye mijadala kama hii wakaokota watu wenye shida. Namba yake iripoti 15040, ndiyo namba ya kupeleka taarifa za matapeli wa simu. Na ukiwa hapo hapo piga *106# utazame laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda ofisi ya mtandao ikafutwe, isije kutumika kumtapeli mwengine kwa jina lako.

Fundi_Mlandege

Wakala kamaliza. Mpelelezi wako naye mwambie kuhusu simu hiyo ya usiku, mpe na namba.

BintiMtoni

Nimefanya yote mawili. Leo jengine jipya: ami yake yule muuzaji kaja nyumbani na watu wazima wawili, wanataka sulhu. Wanasema watanipa 200,000 sasa na 150,000 mwisho wa mwezi, niirudishe simu na niende polisi nikaseme yamekwisha. Mama anataka nikubali, anasema wamekuja kwa heshima. Mimi roho inasita.

Ami_Baraza

Mwanangu, sulhu ni kheri, na mama yako hakukosea kuwapokea watu waliokuja kwa heshima. Lakini deni linaandikwa. Qur'an yenyewe imetuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Anayekataa kuandikiana hakuja kulipa.

Fundi_Mlandege

Dada, roho yako inasita pahala sahihi. Pesa unaweza kuipokea, lakini mambo yaende kwa mpango huu.

Mpigie mpelelezi kwanza umueleze kwamba wamekuja. Kesi ikishafika polisi si yako peke yako, na ukipatana kichinichini anaweza kudhani umemchezea. Kisha mkutano usifanyike nyumbani kwako, ufanyike kwa sheha wa shehia yako, wewe na mtu wako mzima, wao na watu wao. Iandikwe hati: muuzaji anakiri kupokea 350,000 kwa simu yenye IMEI fulani, anarudisha 200,000 leo, 150,000 tarehe fulani. Iandikwe tarehe yenyewe, "mwisho wa mwezi" haitoshi. Asaini muuzaji mwenyewe, siyo ami yake tu. Ami asaini kama mdhamini, kwamba kijana asipolipa atalipa yeye. Sheha agonge muhuri, kila upande ubaki na nakala, na nakala moja mpelekee mpelelezi. Siku wakikiuka, hati hiyo ndiyo utakayoingia nayo mahkamani kudai.

Zile 200,000 zihesabiwe mbele ya sheha, na hati iseme "amepokea 200,000, zimebaki 150,000". Usisaini pahala palipoandikwa "nimelipwa" tu. Na simu usiwape leo. Kama hawataki kukuachia, na mkakhitalifiana hapo, ikae kwa mpelelezi mpaka 150,000 zikamilike, na hati iseme hivyo.

Wakilipa kwa simu hiyo sehemu ya pili, bora zaidi, utabaki na ujumbe. Muulize mama anaonaje, kisha kampigie mpelelezi kabla hawajarudi.

BintiMtoni

Mama amekubali, kasema na ajue sheha. Mpelelezi nimempata, anasema tukutane kwa sheha kesho baada ya sala ya alasiri na yeye atakuwepo. IMEI nimeshaiandika.